Mlio wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimejipatia daftari bure. Ni daftari la hitilafu la kituo cha simu, lile lenye jalada gumu la bluu, na halijaandikwa hata ukurasa mmoja. Zamani tulikuwa tunamaliza moja kwa mwezi: laini imekufa, laini inakwaruza, nguzo imelala, panya wamekula waya. Siku hizi zimebaki laini mia mbili na kumi na mbili mji mzima, na leo msimamizi wetu mpya amekuja na barua kwamba hata hizo zinakatwa tarehe thelathini na moja. Kila mtu ana simu ya mkononi, anasema. Chumba kitarudishwa kwa mwenye jengo mwishoni mwa Mei.

Atakayezikata ni mimi, maana fundi nimebaki peke yangu. Miaka ishirini na sita nimeunga waya katika chumba hiki, na sasa natakiwa kuondoka na plaizi mkononi kama mwizi.

Msimamizi tumeshambatiza, mimi na mlinzi. Tunamwita Bwana Ratiba. Nina hakika hata chafya yake imepangiwa saa.

Laini ya sabini na moja ni ya baba. Mvua imeanza.

Jumanne, 4 Machi

Mitatu, saa moja kamili. Mvua.

Jumatano, 5 Machi

Mitatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nieleze hili la mitatu, nisije nikazeeka nikajiuliza niliandika nini.

Baba ana miaka themanini na mmoja. Alikuwa fundi wa laini kabla yangu, na ndiye aliyenifundisha kushika plaizi. Anaishi peke yake ng'ambo ya mto, katika nyumba iliyo kwenye nguzo ya mwisho, na nguzo hiyo aliisimamisha yeye. Kila asubuhi saa moja hunipigia simu ya mezani, huiacha ilie mara tatu, kisha hukata. Mimi sipokei. Ndiyo makubaliano yetu tangu nilipohamia mjini. Mitatu maana yake tumeamka salama, endelea na shughuli zako. Ikilia mara ya nne, pokea.

Mlio wa nne nimeusikia mara moja tu. Ilikuwa miaka sita iliyopita, asubuhi ambayo mama hakuamka. Tangu siku hiyo, kila ikifika saa moja nasimama karibu na simu na kikombe changu, nahesabu. Baada ya wa tatu pana kimya kifupi, na mpaka kipite, chai haishuki.

Leo nimekwenda kumpa habari. Nilimkuta barazani ananoa jembe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona uso umeuvaa wa msibani?"

Nikamwambia yote. Alinoa, akanoa, nikadhani hakusikia.

"Nani atakata?" akauliza.

"Mimi."

"Afadhali. Wenzako wangekata kwa meno."

Nilicheka, lakini nilipofika kwenye daraja nikalia. Sijui nililia nini hasa. Labda kile kikombe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempelekea simu ya mkononi, yenye vitufe vikubwa kama vya koti. Akaigeuza huku na huku.

"Hii inakula nini?"

"Chaji, Baba."

"Kila siku?"

"Kila baada ya siku mbili, tatu."

"Na ile ya mezani ilikuwa inakula nini miaka yote hii?"

"Umeme wake ulitoka kwetu kituoni, kwenye zile betri kubwa. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Nilitaka nikusikie ukisema."

Kazi ilikuwa mtandao. Nilizunguka nyumba nzima mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Sebuleni hakuna, chumbani hakuna, barazani unakuja na kuondoka. Mahali pamoja tu ndipo unaposhika barabara: juu ya kabati la vyombo. Nikachukua chaki, nikachora duara hapo juu, nikaiweka simu katikati.

"Hapa ndipo mahali pake. Iache hapa hapa."

Baba ni mrefu, mkono wake unafika bila taabu. Nikaondoka nimeridhika, kama ninavyoridhika nikimaliza kumfungia mteja simu yake.

Jumanne, 18 Machi

Mitatu asubuhi, kwenye simu ya mezani kama kawaida. Mchana nikaijaribu ile ya mkononi, nikaambiwa haipatikani. Nikajaribu mara tano. Nikaacha kila kitu, nikapanda pikipiki ya kukodi mpaka kwake, roho mkononi. Nimemkuta shambani anapanda maharage.

"Baba, mbona simu umeizima?"

"Isiishe chaji."

"Sasa ukiizima utapatikanaje?"

"Kwani hujanipata? Si mimi huyu?"

Nimebishana naye mpaka koo limekauka. Ana ukaidi wa kitoto siku hizi, au alikuwa nao tangu zamani nikauita msimamo. Tumefikia hapa: kuanzia tarehe mosi, saa moja asubuhi ataiwasha, atanipigia milio mitatu, ataizima. Yaani yeye atanipata mimi, mimi sitampata yeye. Nimekubali kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Alhamisi, 27 Machi

Mitatu. Mvua tangu alfajiri. Bwana Ratiba amenipa fomu ya ukataji, nakala tatu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekata. Nilianza na laini ya kwanza asubuhi, na kufikia saa tisa alasiri nilikuwa na rundo la vipande vya waya miguuni, vya rangi zote. Zahanati. Shule. Yule mama mshonaji aliyekuwa anapiga kuulizia saa kwa sababu hana saa ya ukutani. Simu ya nyumbani kwangu nayo nimeikata. Mkono haukutetemeka hata mara moja, na hilo limeniudhi.

Zilipobaki laini mbili, mlango ukafunguliwa. Alikuwa baba, kalowa chapachapa, kabeba kasha la mbao begani. Ametembea kutoka ng'ambo.

Ndani ya kasha mlikuwa na simu ya kuzungusha, moja ya zile jozi walizokuwa wakibeba mafundi wa laini enzi zao. Unabandika moja mwisho huu wa waya, nyingine mwisho ule, unazungusha mpini, kengele ya upande wa pili inalia. Hazihitaji kituo wala umeme. Zinakula betri za tochi tu.

"Moja nimeshaifunga nyumbani kabla sijatoka," akasema. "Hii nyingine ifunge kwenye waya wangu, hapo."

"Baba, waya wako nakata leo."

"Nani kasema usikate? Kata kwenye mitambo. Niachie waya."

"Nani atakaa hapa kuisikiliza? Chumba kitakuwa kimefungwa."

"Mlinzi yupo. Kengele si mnong'ono."

Nimefunga. Nimefunga ili anywe chai, avae sweta langu na arudi nyumbani kabla giza halijaingia. Kisha nikajaza fomu: laini mia mbili na kumi na mbili, zote zimekatwa. Sikuwahi kudanganya kwenye karatasi ya kazi tangu niajiriwe.

Jumanne, 1 Aprili

Mitatu, kwenye simu ya mkononi. Mlio wake ni wa kimuziki, haufanani naye kabisa.

Jumatano, 2 Aprili

Mitatu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mitatu, lakini saa moja na dakika kumi na mbili. Alisahau kuiwasha. Hizo dakika kumi na mbili nimezihesabu moja moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilipitia kituoni kuchukua vifaa, nikajaribu kumzungushia baba kwa kasha lake. Mkwaruzo mtupu. Nilijua itakuwa hivyo. Sanduku la viungo lililo karibu na daraja limeingia maji, na waya wa shaba ukilowa kwenye kiungo ndio basi. Nimeacha kasha lilipo. Chumba kina mwangwi sasa, na mlinzi ameanika soksi kwenye fremu yangu, ile ya kuungia waya za laini.

Jumamosi, 19 Aprili

Mitatu. Nilikwenda kumwona mchana, nikamkuta amejaa tope mpaka magotini, ana mfuko wa plaizi na vipande vya nailoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nanyoosha miguu."

Nimemfokea. Mzee wa umri ule kutangatanga na mvua hii! Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumanne, 22 Aprili

Mitatu. Maji yamegusa sakafu ya daraja. Majirani wa baba wamehamia shuleni, juu kule. Jioni nilimpata mmoja wao kwa simu, nikamuuliza habari za baba. Akasema, "Mzee alituambia anakuja kwako." Kwangu hajaja, na simu yake imezimwa. Kukicha nitamfuata.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika mkono ukiwa bado mzito, lakini lazima niandike leo leo.

Saa moja, kimya. Saa moja na robo, kimya. Nikaitazama simu yangu: hakuna mtandao hata kidogo. Nikatoka nje, kila mtu mtaani ameinua simu anaitazama. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, na jenereta ya mnara wa simu imeingia maji. Mji mzima, mtu na ndugu yake mtaa wa pili hawapatani.

Nilikimbia mpaka darajani. Daraja halionekani, maji yanapita juu yake yamebeba magogo. Askari akanizuia kwa mikono miwili.

"Mama, hapapitiki."

"Baba yangu yuko kule."

"Baba yangu pia yuko kule," akasema.

Nilisimama pale sijui muda gani, naangalia upande wa pili, paa la baba halionekani kwa mvua. Nilijilaumu kwa mambo ambayo hata hayakuwa na maana, kama yale maneno niliyomtupia Jumamosi.

Ndipo mlinzi wa kituo akatokea, anakuja mbio, kofia mkononi, pumzi hana.

"Mama Fundi! Kile chumba kinalia!"

"Chumba gani?"

"Chumba chako! Umeme hakuna, simu hakuna, waya wote umeukata wewe mwenyewe, na kengele inalia mle ndani! Mimi kazi nimeacha. Tafuteni mwingine."

Nikamshika bega.

"Imelia mara ngapi?"

"Sijui."

"Tatu? Nne?"

"Mama, mtu akikimbia hahesabu!"

Sijakimbia hivyo tangu shule. Chumba kilikuwa na giza la mvua, kasha la mbao liko palepale sakafuni, kimya. Nikapiga magoti mbele yake. Mlinzi alibaki mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Nilitaka kuzungusha, nikaogopa: kama yeye anazungusha wakati huo huo, tutapishana. Nikangoja.

Ikalia. Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

Kimya.

Nilishusha pumzi mpaka nikahisi nataka kucheka. Mitatu. Ameamka. Nilikuwa nimeshageuka kumwambia mlinzi kwamba ni mzee wangu tu, yuko salama, mkaidi mkubwa yule.

Ikalia mara ya nne.

Nikanyakua mkono wa simu. Mkwaruzo, kama mtu anakaanga kitu, na nyuma yake, mbali, sauti ya baba.

"Umechelewa."

"Baba! Uko wapi?"

"Sakafuni. Mguu umevunjika. Nazungusha tangu saa mbili, mkono nao umechoka. Ule wa nne umenishinda kidogo."

Alianguka saa moja kamili. Alinyoosha mkono juu ya kabati, akaiwasha simu, akapiga, haikuita. Akafikiri labda imesogea nje ya lile duara langu la chaki. Akapanda kiti ili aone. Kiti kikateleza. Mtu wa miaka themanini na mmoja amepanda kiti kwa sababu mimi, fundi, nilimfungia simu ya mkononi juu ya kabati kama simu ya ukutani, nikamwambia aiache hapo hapo. Naye, fundi mwenzangu, aliona ni sawa kabisa. Kisha akajikokota sakafuni mpaka kwenye kasha lake, ambalo aliliweka chini ukutani kwa kuwa waya ulikuwa mfupi.

"Lakini laini ilikuwa imekufa," nikamwambia. "Niliijaribu wiki iliyopita. Sanduku limejaa maji."

"Lilijaa. Jumamosi nilikifunga upya kiungo, nikakitundika juu. Ndiyo miguu niliyokuwa nanyoosha."

Nilimtuma mlinzi amwite yeyote atakayemwona, na aliyemwona ni Bwana Ratiba, anatoka mnarani kwa miguu, kalowa. Aliingia, akalitazama kasha, akautazama waya unaotoka kwenye fremu ambayo fomu inasema ni tupu. Nikajua kazi yangu imeishia hapo, na wala sikujali.

"Ni nani?" akauliza.

"Baba yangu. Amevunjika mguu. Yuko peke yake."

Hakuuliza tena. Alisema barabara ya juu, ya kuzunguka mlima na kuvukia mto kule juu, bado inapitika kwa pikapu ya kampuni. Atapita zahanati amchukue muuguzi. Nikasimama nimfuate, akanizuia.

"Wewe kaa na mzee. Usimwache alale."

Na akabeba ngazi yetu ya alumini, ile ndefu. Nikajiuliza ya nini.

Kwa muda wa saa tatu na nusu nilikaa sakafuni na ule mkono wa simu. Miaka yote hii mimi na baba tumepigiana milio, na sikumbuki hata siku moja tuliyozungumza robo saa. Tulikuwa tunatunza laini za watu wengine wazungumze. Leo tumezungumza. Amenihadithia alivyokuwa anamposa mama kwa simu ya nguzoni, kapanda juu, kajifunga mkanda, anajifanya anapima laini. Amenihadithia asubuhi ya mlio wa nne, kwamba alipofika wa tatu alishika simu bila kuiachia, kwa sababu alijua akiendelea itakuwa kweli. Mimi nikamwambia kuhusu kikombe changu cha chai. Kila mkwaruzo ulipozidi aliuliza, "Bado upo?" nami nikajibu, "Nipo." Nikikaa kimya kidogo nilimuuliza mimi, "Baba, upo?" "Niende wapi na mguu huu?"

Kama saa sita na nusu mchana nikasikia kupitia ile simu mlango unagongwa, sauti za watu, na Bwana Ratiba anasema, "Shikamoo, mzee, tumekuja." Baba akaniambia, "Wamefika. Kata, usimalize betri."

Sikukata. Nilisikiliza mpaka walipombeba. Walimbeba juu ya ngazi, wameifunga blanketi, na mlima wote wakapita naye hivyo nyuma ya pikapu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imepungua. Hospitali imemfunga plasta kutoka gotini kwenda chini. Daktari anasema mfupa umevunjika mahali pazuri, kama kuna mahali pazuri. Anakula, anawasumbua wauguzi, ameshamtengenezea mmoja swichi ya taa. Nimelala saa kumi mfululizo.

Jumatatu, 28 Aprili

Bwana Ratiba amenifungulia ile fomu mezani.

"Laini ya sabini na moja umeikata?"

"Bado."

Akachukua kalamu, akaandika "mia mbili na kumi na moja", akatia sahihi pembeni.

"Chumba tunarudisha tarehe thelathini Mei," akasema. "Mpaka siku hiyo hakuna haraka." Kisha akaniambia kwamba kwao, mama yake naye yuko peke yake, na ameanza kumwelekeza abebe simu mfukoni. Nimemfikiria vibaya miezi miwili. Jina la Bwana Ratiba tumembakizia, lakini sasa tunalitamka vingine.

Jumamosi, 10 Mei

Baba amehamia kwangu, chumba cha pili. Analalamika kuhusu godoro, redio ya jirani na chai yangu. Nyumba imejaa.

Jumatano, 14 Mei

Jua kutwa. Mlinzi ameghairi kuacha kazi.

Ijumaa, 30 Mei

Nilimpeleka baba kituoni na magongo yake. Nikamwekea kiti mbele ya fremu, nikampa plaizi. Aliufuata waya wake kwa kidole, kutoka juu mpaka kwenye kasha, polepole, kisha akakata mara moja, safi.

"Imefanya kazi yake," akasema, na sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliyelia ni mlinzi.

Waya wenyewe tumeuchukua. Jioni baba ameusuka, wa rangi ya chungwa na mweupe, akapata ugwe mzuri wa shingoni, na simu ya vitufe vikubwa inaning'inia kifuani pake. Ameniahidi mbele ya Bwana Ratiba kwamba hataizima tena. Nimeshampigia mara nne leo kuhakikisha, na zote amepokea kwa hasira.

Jumatatu, 2 Juni

Kurasa za daftari bado nyingi, lakini mvua imekwisha na hitilafu hakuna.

Asubuhi nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe changu. Saa moja kamili simu yangu ikalia mezani, na kutoka chumba cha pili, nyuma ya ukuta, nikasikia magongo yanasogezwa na mtu anakohoa. Sikupokea.

Mitatu.